Valvu za Kifahari kwenye Barabara za Vumbi

Porsche 911 ya mwaka 1973 si gari la kukutana nalo Ngokolo. Barabara za kata hii ya Manispaa ya Shinyanga ni za bodaboda, bajaji, IST na Hiace, na gereji zake zinakula kwa vyombo hivyo. Huletwa pia injini za dizeli zisizo na gari: za pampu zinazovuta maji mashimoni, za karasha zinazosaga mawe ya dhahabu upande wa Kahama na Geita. Ila fundi anayefungua sindelihedi ya injini ya karasha akakuta valvu ya moshi imeungua ukingo hadi imemeguka, ameshika mkononi tatizo lile lile lililowakosesha usingizi wahandisi wa Stuttgart na Milan. Wao walikuwa na maabara na fedha za kulitafutia dawa. Yeye ana kopo la dawa ya kusagia na mteja anayepiga simu kila baada ya nusu saa.

Wahandisi wale walipata dawa nyingi. Valvu zenye sodiamu tumboni, valvu za titani, valvu zilizofunikwa aloi ngumu usoni, valvu zinazofungwa kwa mkono wa chuma badala ya springi: zilizaliwa kwenye ndege na magari ya mbio, kisha baadhi zikashuka hadi kwenye magari ya spoti ambayo sasa yanaitwa ya kale na kuuzwa kwa bei ya nyumba. Kinachofaa kuulizwa ni kama ubunifu huo uliwasaidia waliokimbiza magari hayo kwenye barabara za Afrika Mashariki, na kama unamsaidia anayeyamiliki leo.

Hesabu ya injini ni rahisi na inatisha. Injini ya mipigo minne ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka na kufunga mara 3,000, yaani mara 50 kwa sekunde. Valvu ya kuvuta ina nafuu, kwa kuwa kila inapofunguka hupitiwa na hewa ya baridi iliyochanganyika na petroli. Ya moshi haina bahati hiyo. Inafunguka wakati gesi zimetoka kuwaka, kichwa chake hufika nyuzi joto 700 hadi 800 na mara nyingine kuzidi, na chuma cha kawaida katika joto hilo huanza kulainika. Joto lina njia mbili tu za kutokea. Sehemu kubwa huingia kwenye kiti cha valvu katika ule muda mfupi ambao valvu imefunga, na iliyobaki hushuka kwenye shina, ikaingia kwenye bushi yake na kumezwa na sindelihedi.

Hapo ndipo mafundi wengi wanapoua injini bila kujua. Mteja analalamika kwamba tapeti zinalia, fundi anazikaza hadi ukimya unapatikana, na mteja anaondoka ameridhika. Valvu iliyokazwa hivyo haifungi kabisa injini ikipata moto, kwa kuwa shina linarefuka. Haikai kitini, kwa hiyo haipoi, na ndani ya wiki chache ukingo wake umeungua. Datsun 240Z ilitaka nafasi ya milimita 0.20 kwenye valvu za kuvuta na 0.25 kwenye za moshi injini ikiwa baridi, na tofauti hiyo ndogo ilikuwa posho ya joto la valvu ya moshi. Porsche 911 ilitaka milimita 0.10 kwa zote mbili. Si kwamba Wajerumani walipuuza joto. Injini yao ilipozwa kwa hewa, silinda na vichwa vyake vya aluminiamu vikitanuka kuliko mashina ya valvu, na nafasi ikaongezeka yenyewe kadiri injini ilivyochemka. Anayechukua kipimo cha gari moja akakitumia kwenye jingine ataharibu mojawapo.

Dawa iliyopata umaarufu kuliko zote ilitoka angani. Samuel Heron, mhandisi Mwingereza aliyehamia Marekani na kufanya kazi kwenye kituo cha majaribio ya ndege cha McCook Field huko Ohio, alihangaika miaka ya 1920 na valvu za injini za ndege zilizokuwa zikiungua na kukatika. Aliifanya valvu kuwa na uwazi ndani, akajaribu kuweka chumvi zinazoyeyuka, na hatimaye akafikia sodiamu. Madini haya huyeyuka karibu na nyuzi 98, chini kidogo ya maji yanapochemka, na hayageuki mvuke hadi yapite nyuzi 880. Shina halijazwi lote. Hubakizwa nafasi, ili injini ikiwaka sodiamu iliyoyeyuka irushwe juu na chini mithili ya maziwa yanayosukwa kibuyuni, ikichota joto kichwani na kulimwaga kwenye shina. Injini ya Wright Whirlwind iliyomvusha Charles Lindbergh bahari ya Atlantiki mwaka 1927, kutoka New York hadi Paris, ilikuwa na valvu za aina hiyo.

Magari yalifuata taratibu. Alfa Romeo iliziweka kwenye injini zake za kamshafti mbili za familia ya Giulia iliyoanza mwaka 1962, na si kwa magari ya mbio peke yake: hata sedani ya mtu mwenye watoto watatu ilikuwa na sodiamu ndani ya valvu za moshi. Porsche ilizitumia kwenye 911 zake zenye nguvu, ikiwamo Carrera RS ya lita 2.7 ya mwaka 1973, gari la nguvu farasi 210 lenye valvu za kuvuta za kipenyo cha milimita 46 na za moshi za milimita 40. Kwa injini isiyo na maji ya kupoza kichwa chake, sodiamu ilikuwa hitaji zaidi kuliko mapambo.

Mercedes-Benz walikwenda njia nyingine, kwa sababu tatizo lao halikuwa joto tu. Springi ya valvu ikipelekwa kasi kupita uwezo wake hushindwa kuirudisha valvu kwa wakati. Valvu huelea, na siku moja hukutana na pistoni. Kwa gari la W196 la Formula 1 la 1954 na 1955, na ndugu yake 300 SLR ambalo Stirling Moss alishinda nalo Mille Miglia mwaka 1955, waliondoa kazi hiyo kwenye springi kabisa: kamshafti ilikuwa na umbo moja la kufungua valvu na jingine la kuifunga. Ulikuwa ufundi wa hali ya juu, na haukuingia kwenye magari yao ya barabarani. Ducati ndio walioubeba kwenye pikipiki na kuufanya alama yao.

Njia ya tatu ndiyo iliyoshinda dunia, na ina umri kuliko watu wanavyodhani. Badala ya valvu moja kubwa, weka mbili ndogo. Kila moja ni nyepesi, springi yake haihangaiki, na eneo la kupitisha hewa linakuwa kubwa zaidi. Peugeot walishinda Grand Prix ya Ufaransa mwaka 1912 kwa injini ya kamshafti mbili na valvu nne kwa kila silinda. Wazo hilo lilikuja na kupotea kwa miaka mingi, hadi Keith Duckworth wa Cosworth alipolirudisha kwa kishindo kwenye injini ya DFV ya mwaka 1967, na baadaye kwenye BDA ya valvu 16 iliyowekwa kwenye Ford Escort RS1600.

Na Escort hiyo ndiyo inayotuleta nyumbani.

Mashindano ya Safari yalianza Mei 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakaitwa East African Safari. Yalikuwa mashindano ya maelfu ya kilomita kwenye barabara zilezile zilizotumiwa na malori ya pamba na mabasi ya abiria, wakati wa masika, matope na vumbi vikipishana siku moja. Mwaka 1963 yalianza magari 84 na kumaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza 7 tena. Kama kuna maabara ya haki ya kupima valvu za kifahari dhidi ya valvu za kawaida, ni hii.

Matokeo yake hayawafurahishi wapenzi wa anasa. Miaka hiyo miwili migumu kuliko yote ilichukuliwa na Peugeot 404, gari ambalo lilibeba mizigo na ndugu katika nusu ya vijiji vya ukanda huu. Lilikuwa na kamshafti iliyofichwa chini ikisukuma valvu kwa fito ndefu, na kitu pekee cha kujivunia juu kilikuwa kichwa cha aluminiamu chenye chemba nzuri. Datsun 240Z, gari la spoti kwa sura na kwa moyo, lilishinda 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Lile lililouzwa madukani lilikuwa na silinda sita, kamshafti moja na valvu 12 zisizo na maajabu yoyote.

Porsche je? Ilishika nafasi ya pili mara tatu. Mwaka 1972 Sobiesław Zasada alikuja nyuma ya Escort ya Hannu Mikkola, mgeni wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda Safari. Mwaka 1974 Björn Waldegård alipitwa na Joginder Singh wa Kenya, ambaye Mitsubishi Lancer yake ilikuwa na silinda nne na valvu nane. Mwaka 1978 Vic Preston mdogo alimaliza nyuma ya Peugeot 504 Coupé ya Jean-Pierre Nicolas. Si haki kuzilaumu valvu. Safari huvunja kwanza vya chini, yaani springi, shokomzoba na mikono ya matairi, kabla haijafika kwenye injini. Lakini ni haki kusema kwamba valvu za sodiamu hazikununua ushindi, na kwamba Escort ya valvu 16 ilishinda 1972 kwa sababu ilipata vyote: injini iliyopumua, dereva mwenye kichaa cha kipimo, na timu iliyokuja na magari ya kutosha kupoteza kadhaa.

Porsche ilipata kisasi chake baadaye. Mashindano ya magari ya kale, East African Safari Classic, yalianza mwaka 2003, na katika matoleo kadhaa yakavuka mpaka hadi kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 2011 Waldegård, akiwa na umri wa miaka 68 na mwanawe Mathias kwenye kiti cha msoma ramani, alishinda akiwa na 911. Stig Blomqvist naye alishinda na 911 mwaka 2015. Kilichobadilika katikati hakikuwa valvu peke yake. Magari hayo yalijengwa upya na watu waliojua, kwa miaka 30 ya uzoefu, ni wapi 911 huvunjika.

Kuna adui mwingine wa valvu ambaye hakutoka kiwandani. Mwaka 1921 Thomas Midgley wa General Motors aligundua kwamba kiasi kidogo cha kemikali ya risasi kwenye petroli huzuia injini kugonga. Risasi ilileta faida ya pili ambayo haikutangazwa sana: ilitandaza utando mwembamba kati ya valvu ya moshi na kiti chake, na vyuma hivyo viwili vikaacha kulana. Kwa miaka zaidi ya 50 viwanda vilitengeneza vichwa vya chuma cha kusubu vyenye viti vilivyochongwa kwenye chuma hichohicho laini, kwa kuwa petroli yenyewe ilivilinda. Sumu hiyo iliharibu akili za watoto, na dunia ikaiacha. Mwaka 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilitoa Azimio la Dakar, na ilipofika Januari 2006 eneo lote lilikuwa limeachana na petroli ya risasi. Algeria ilikuwa nchi ya mwisho duniani, Julai 2021.

Walioumia si wenye Porsche wala Alfa. Vichwa vyao vya aluminiamu vilikuwa tayari na viti vigumu vilivyopachikwa. Walioumia ni wenye magari ya spoti ya mtu wa kawaida, MGB kwa mfano, yenye kichwa cha chuma cha kusubu. Bila risasi, na gari likikimbizwa muda mrefu kwa kasi, valvu ya moshi huchimba kiti chake na kuzama. Nafasi ya tapeti inapungua, valvu inashindwa kufunga, inaungua. Ndiyo maana katika magari ya kale ya aina hiyo, tiba yenye maana si chupa ya dawa ya kuongeza kwenye tangi. Ni kichwa kupelekwa kwa mchongaji, viti vya moshi kutobolewa na kupachikwa vipya vya chuma kigumu, na valvu za chuma cha pua kinachoitwa 21-4N (kromiamu asilimia 21, nikeli asilimia 4, na naitrojeni). Chuma hicho ndicho farasi wa kazi wa valvu za moshi duniani leo. Kwa injini inayoteswa zaidi, uso wa valvu hufunikwa kwa Stellite, aloi ya kobalti na kromiamu aliyoibuni Mmarekani Elwood Haynes mwanzoni mwa karne ya 20.

Mafuta machafu hufanya uharibifu uleule kwa mlango mwingine. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hugonga, kugonga huongeza joto kwenye chemba, na joto hilo linaishia kwenye valvu. EWURA, mamlaka ya Tanzania ya kudhibiti nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuwabana wachakachuaji. Vumbi la Shinyanga nalo halihitaji kibali cha mtu: likipita kwenye chujio la hewa lililochanika, husaga mashina na bushi, shina likaanza kuyumba, na valvu ikawa inatua kitini kwa upande. Fundi anayebadilisha valvu bila kugusa bushi anafanya kazi nusu.

Je, haya yote yanamhusu nani kando ya matajiri wa Nairobi wenye magari ya maonyesho? Yanawahusu wengi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu valvu maalumu zimeshaingia kwa njia ya mitumba ya Japan. Toyota Altezza, gari linalojulikana sana kwa vijana wa Tanzania, lilitoka mwaka 1998 na injini ya 3S-GE ambayo katika toleo lake kali ilikuwa na valvu za titani, ya kuvuta na ya moshi. Hakuna gari la kuzalishwa kwa wingi lililowahi kufanya hivyo kabla yake. Titani ina uzito wa karibu asilimia 60 ya chuma cha kawaida, hivyo springi hupumzika na injini hupanda mizunguko bila kulalamika. Nissan Skyline GT-R yenye injini ya RB26DETT ina valvu za moshi zenye sodiamu, dawa ileile ya Heron.

Tofauti kati ya mwenye Altezza wa Mwanza na mwenye 911 wa Nairobi ni kwamba wa pili anajua alichonacho.

Fundi aliyefungua kichwa asichokifahamu ana vipimo vya bure. Sumaku ni cha kwanza. Valvu nyingi za moshi za chuma cha pua hazivutwi kichwani lakini huvutwa kwenye shina, kwa kuwa zimeunganishwa vyuma viwili. Titani haivutwi popote, na ukiishika kiganjani wepesi wake unajitangaza. Titani iliyopakwa tabaka la ulinzi haisagwi kwa dawa ya kusagia hata kidogo. Dawa hiyo hukwangua tabaka, na valvu iliyobaki huanza kuliwa na kiti chake. Kazi yote hufanywa kwenye kiti, na ukaaji wake hukaguliwa kwa kumwaga mafuta ya taa kwenye mlango wa kichwa na kuangalia kama yanapenya.

Sodiamu inahitaji onyo zito zaidi. Ikikutana na maji hutoa haidrojeni na joto la kuiwasha, na kinachobaki ni magadi makali yanayounguza ngozi na macho. Valvu ya namna hiyo haikatwi kwa msumeno wala gurudumu la kusagia ili kufupisha shina, haichomelewi, haigeuzwi kuwa tindo, na haitupwi kwenye tanuru la kuyeyushia vyuma chakavu. Katika ukanda ambao kila kipande cha chuma kina mnunuzi, hilo la mwisho si nadharia.

Swali la mwisho ni la fedha. Valvu za sodiamu huchoka. Zikishapitia miaka 40 ya kuchemka na kupoa, shina lenye uwazi linaweza kukatika, na kichwa kikidondoka ndani ya silinda hakuna tena mjadala wa matengenezo, kuna mjadala wa injini nyingine. Wenye 911 za kale wamegawanyika. Wapo wanaosisitiza sodiamu mpya kwa sababu ndivyo gari lilivyozaliwa, na wapo wanaoweka valvu za chuma cha pua zisizo na uwazi na kuendelea na safari zao. Kwa gari la maonyesho au la mbio zinazokimbizwa saa nzima bila kupumzika, kundi la kwanza lina hoja. Kwa gari linaloendeshwa Jumapili kutoka Nairobi hadi Naivasha, au Altezza inayopiga misele kati ya Shinyanga na Mwanza, valvu ya 21-4N yenye bushi mpya, kiti kilichochongwa vizuri na tapeti zilizopimwa kwa kipimo cha gari hilo inatosha, na pesa inayobaki ikanunue chujio la hewa. Kabla ya kumlipa fundi, mwambie akurudishie valvu za zamani zote, uzihesabu, na uzigonge kwa sumaku mbele yake.